Kidole Gumba Si Jibu

Ninyi mliobaki ofisini mliniomba niandike miaka yangu ya kazi kabla sijaanza kuisahau. Haya, naandika, ila msidhani ni kwa ajili ya keki mliyonikatia. Naandika kwa hasira. Mwaka huu, majuma machache tu baada ya mimi kustaafu, mdogo wangu Astrida, mshonaji wa Kamalondo hapa Lubumbashi, aliambiwa aondoe cherehani yake kwenye veranda anayoshonea tangu watoto wake wakiwa wa kunyonya. Sababu? Watu waliulizwa mtandaoni, nao eti walisema washonaji watoke. Bukari yangu, yaani ugali wetu, nimeila kwa kuuliza watu maoni maisha yangu yote ya kazi, na nawaambia kwamba watu hawa hawakusema kitu. Walibonyeza. Nitafika huko, lakini acheni nianzie mwanzo, maana bila mwanzo hamtaelewa kwa nini nilijiingiza, wala jinsi nilivyoumia.

Siku niliyopata kazi nilikimbia nyumbani kumwambia baba. Baba alikuwa mtu wa kaskazini, aliyekuja Lubumbashi na kazi ya reli akaishia mgodini, kwenye mashine za kutoboa ardhi. Huko mgodini, kutoboa ili kujua kilichoko chini kunaitwa sondage. Kuuliza watu maoni nako, kwa Kifaransa chetu, kunaitwa sondage. Kwa hiyo nilipomwambia, "Papa, banipatia kazi ya sondage," aliweka kikombe chini, akaniangalia mikono, kisha akauliza:

— Weye? Ile machine utaibeba na nguvu gani?

Nilimweleza kwamba hatutoboi mawe, tunauliza watu mawazo yao.

— Na bo banakubali mubatoboe?

Kufikia jioni alikuwa ameshamwambia kila mtu kwamba binti yake ameajiriwa kutoboa vichwa vya watu. Jirani mmoja hakuelewa kabisa. Alinivuta pembeni akaniomba nije nipime kiwanja chake kimyakimya, maana alikuwa akishuku kuna shaba chini ya choo. Nilimwambia sina kifaa. Alinuna mpaka Pasaka.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Kalonji, Mkasai, mwalimu wa shule aliyeacha chaki lakini hakuacha tai. Alivaa tai hata Septemba, joto la kuyeyusha lami, na mwavuli mkononi iwe mvua iwe jua. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye mtaa mmoja, akanionyesha nyumba niliyopangiwa. Getini kulikuwa na mbwa. Nyumba ya pili yake ilikuwa na mama mwenye uso wa kucheka, na kiti tayari kivulini. Nikaanza kuelekea kwenye kiti. Papa Kalonji alinishika kwa mpini wa mwavuli.

— Ma fille, unaenda wapi?

— Kwa ule mama, Papa. Huku kuko mbwa.

— Na benye mbwa habana mawazo?

Nikaingia kwa mbwa. Mwenye nyumba alikuwa na mawazo mengi sana, na yote yalikuwa kinyume na ya mama wa kivulini, ambaye naye alikuwa kwenye njia yangu baadaye. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi. Ukiuliza tu wale wanaopenda kuulizwa, utapata jiji zima la watu wanaopenda kuulizwa.

Sheria yake ya pili ilikuwa kuuliza kisha kufunga kinywa. Vijana wengi hawawezi. Wanauliza, mtu anavuta pumzi, wao wanamsaidia: "Ni mbaya, siyo?" Mtu anajibu ndiyo ili waondoke. Ya tatu ilikuwa juu ya maswali yenyewe. Kila karatasi ya maswali iliyotoka ofisini aliisoma kwa sauti, na akikuta kitu kama "Unapenda watoto wetu wasome vizuri?" alikikata kwa mstari wa kalamu nyekundu ya ualimu.

— Nani atasema hapana? Hii hapana swali. Hii ni mbote.

Mbote, kwa wasomaji wa mbali, ni salamu. Alikuwa na maana kwamba ukimsalimu mtu atakuitikia, na mwitikio wake hautakuambia lolote kuhusu anachofikiri. Nimekutana na wakurugenzi wengi tangu wakati huo, na wachache sana walijua tofauti hiyo.

Vifaa vyetu havikuwa vya kujivunia. Ubao wa kuandikia juu yake, penseli badala ya kalamu ya wino kwa sababu ya mvua, na viatu. Viatu ndiyo kazi. Nimewahi kumwona mtu mwenye shahada mbili akirudi na karatasi zilizojaa vizuri mno, mwandiko mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na viatu visivyo na vumbi. Papa Kalonji hakusoma hata karatasi moja. Aliangalia viatu, akamwambia arudi mtaani.

Tulikosea pia, tena sana. Tulipotumwa Mokambo, mpakani, kuuliza wafanyabiashara juu ya biashara yao, tulifika na mbao zetu kifuani, na wote walituona ni watu wa forodha. Nilimwuliza mama aliyekaa juu ya magunia anauza nini. Hauzi kitu. Magunia je? Hajui ni ya nani, amepumzika tu. Jirani yake naye amepumzika. Kwa mujibu wa karatasi zetu za asubuhi ile, Mokambo ulikuwa mji wa mapumziko. Papa Kalonji akatuamuru tufiche mbao, tununue maandazi, tukae. Mchana, yule wa magunia mwenyewe alianza kulalamika bei ya unga upande wa Zambia, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha.

Kasomeno, kwenye barabara ya kwenda Kasenga, shida ilikuwa nyingine. Tulikuwa tunauliza kama soko lisogezwe karibu na barabara kuu. Mke alikuwa anapepeta, mume ndiye aliyejibu kwa wote wawili:

— Muke yangu anaona ni bien.

Mke hakuinua kichwa. Papa Kalonji akaisifia baiskeli iliyoegemezwa nyuma ya nyumba, akamwomba mwenyewe akamwonyeshe. Walipopotea tu kwenye kona, yule mama akaninong'oneza:

— Andika hapana. Kule barabarani nani atanichungia batoto?

Nikaandika hapana. Papa Kalonji alirudi akiwa amefundishwa kila kitu kuhusu mnyororo wa baiskeli, na hakulalamika. Alifariki miaka mingi iliyopita, na hadi leo nikiona mwanaume mwenye tai kwenye jua kali moyo wangu unashtuka. Nilimpenda yule mzee.

Basi ndipo tukaletewa mtandao. Mkurugenzi mpya, kijana mwenye adabu na manukato, alitukusanya akatutangazia kwamba mambo ya miguu yamekwisha. Sasa tutatuma lien, yaani anwani ambayo mtu anaigusa kwenye simu, anajibu, imekwisha. Nilimwuliza lien itaingiaje kwa mbwa. Wenzangu walicheka, yeye hakuelewa.

Kazi yetu ya kwanza ya namna hiyo ilihusu umeme. Je, wakazi wanaridhika nao? Mkurugenzi alikuja mezani kwangu anang'aa.

— Mama Numbi, bantu banafurahi na courant!

— Bantu gani?

— Benye balijibu.

— Na benye habana courant, telephone balichargea wapi?

Alichungulia tena karatasi yake.

— Mais, bale habakujibu.

— Njo vile, patron.

Ripoti ilichapwa hivyohivyo, ikatiwa jalada la plastiki, ikasomwa kwenye ukumbi. Katikati ya kusomwa umeme ukakatika. Msomaji aliendelea kutueleza furaha yetu kwa mwanga wa simu yake.

Baada ya hapo hatukuona haya tena. Tuliuliza juu ya bei ya unga, na aliyejibu kwa ukali kuliko wote alikuwa bwana mmoja aliyeko Ulaya, ambaye hajagusa bukari ya hapa tangu aondoke. Tuliuliza kwaya gani inaimba vizuri kuliko zote, na iliyoshinda ilikuwa kwaya ndogo ambayo besi wake mmoja alikuwa na simu tatu na likizo. Na simu ya Kasomeno, mnadhani inakaa mfukoni mwa nani? Yule mume amerudi, jamani, na safari hii hakuna wa kumwuliza habari za baiskeli.

Sisemi kwamba miguu yetu ilikuwa mitakatifu. Tulikuta milango imefungwa, tulidanganywa, tulilowa. Ila tulijua tumemkosa nani. Tuliandika: hakuwepo, alikataa, mbwa. Mtandao haujui umemkosa nani, na kwa kuwa haujui, unadhani umewapata wote.

Nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye haendi tena mahali popote. Nikaitundika, nikaketi chini yake, nikawa mama wa nyumbani kwa mara ya kwanza. Raha ile haikudumu.

Mtaa anaoshonea Astrida una washonaji veranda kwa veranda, wanaume kwa wanawake, na cherehani zao zinasikika kabla hujakata kona. Wenye nyumba wa mtaa ule waliunda kamati, wakaiita Kamati ya Mtaa Safi, na mwenyekiti wake ni Guélord, mtoto wa hapohapo, tumemwona akitambaa. Kijana msafi, msalimiaji, hana ubaya ila ana mipango. Mwezi wa Januari alituma ujumbe kwenye kundi la simu la mtaa. Kulikuwa na picha ya barabara yenye maua pande zote mbili, na nyuma yake, msicheke, mlima wenye theluji. Chini aliandika: "Bapendwa, munapenda avenue yetu ikuwe propre, bila encombrement? Muweke kidole."

Propre ni safi, na encombrement ni vitu vinavyoziba njia. Kidole ni kile kidole gumba cha kwenye simu. Sasa niwaulize ninyi mliozaliwa hapa: mtu mwenye cheo akituma ujumbe kwenye kundi, mnafanya nini? Mnaweka kidole. Padri ametuma saa ya misa, kidole. Mjomba ametuma picha ya gari lake, kidole. Tangazo la msiba, kuna wanaoweka kidole, Mungu awasamehe. Kidole maana yake nimeona, asante, sijakununia. Usipoweka, kesho utaulizwa una tatizo gani. Papa Kalonji angesema ni mbote. Guélord alihesabu mbote zote akaziita ndiyo.

Astrida alikuja kwangu asubuhi, bado ana sindano kifuani mwa blauzi, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, kama kawaida yake.

— Yaya, banasema tutoke pa veranda. Banasema njo shiye benyewe tuliomba.

— Uliweka kidole?

Akaangalia chini.

— Niliweka.

— Juu ya nini, Astrida?

— Guélord njo alituma! Ningenyamaza, angesema namukasirikia. Na tena, avenue propre, nani hapendi?

— Na encombrement, uliona ni nini?

— Si ile motokari ya kufa ya pa mulango ya Mama Béa!

Mama Béa ni jirani wa kando ya veranda ya Astrida, mjane mwenye gari la marehemu mumewe ambalo halijasogea tangu msiba. Nilipouliza, kumbe Mama Béa naye aliweka kidole, na yeye alidhani encombrement ni meza za wauza mkaa. Wauza mkaa waliweka kidole wakiwafikiria wenye baa na viti vyao. Mtaa mzima ulikuwa umeomba kwa sauti moja kuondolewa kwa mtu mwingine.

Nilivaa viatu vyangu vya kazi nikaenda kwa Guélord. Alinipa kiti, akanipa soda, akanionyesha simu: vidole mpaka chini.

— Mama, unaona? Karibu bote.

— Guélord, hawa balikusalimia tu.

— Mama, kidole ni kidole. Sasa ni modernité.

— Mushonaji anaweza kuomba bamufukuze?

— Siyue, Mama. Ameomba.

Nikamwambia swali lake halina mlango wa kutokea. Akanijibu kwa heshima zote kwamba mimi ni mtu wa kazi hiyo, basi nifanye yangu, na Jumapili baada ya misa kamati itanisikiliza. Nilikubali palepale. Nilikuwa na hakika ya kushinda. Niandike tena: nilikuwa na hakika, na hilo lenyewe lilitosha kunifukuzisha kazi enzi za Papa Kalonji.

Nilipita mtaa mzima nyumba kwa nyumba, na penye mbwa niliingia. Swali langu lilikuwa wazi, lina milango miwili: washonaji wa veranda, wabaki au watoke? Kisha nikafunga kinywa. Nilianzia kwa Mama Béa, ambaye kila Jumapili anaketi na Astrida kanisani benchi moja.

— Batoke, alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

— Batoke, Mama Numbi. Ile makelele ya machine, asubuhi mpaka mangaribi. Bipande ya bitambaa inaziba mufereji, mayi yote inakuya kwangu. Na baclients banaikala pa ngazi yangu sawa ni ya baba yabo. Batoke!

Nyumba ya pili, watoke. Ya tatu, mzee mmoja mstaarabu, watoke, ingawa hakuwa na ubaya nao. Nilitembea mtaa wote ule nikitumaini mlango unaofuata utaniokoa, na karibu kila mlango ulinipa jibu lilelile la kipuuzi la mtandao. Guélord alikuwa ameuliza vibaya, amehesabu vibaya, ametumia theluji, na kwa bahati tu alikuwa ameangukia penyewe. Sijawahi kuona uchungu kiasi kile kazini. Niliketi kwenye ngazi za nyumba ya watu nikatamani kulia.

Ndipo nikarudi kwa Mama Béa kumwomba maji, na nilipokuwa nakunywa nikamwuliza, kwa udaku tu, kitambaa chake cha tarehe nane Machi kiko kwa nani. Mnajua siku hiyo ya wanawake jinsi ilivyo hapa: asiye na nguo mpya ya kitenge cha mwaka huo afadhali asitoke nje.

— Kwa Astrida, alijibu. Nani mungine anayua mabega yangu?

— Na Astrida atoke?

Alinitazama kama nimemtukana mama yake.

— Astrida? Hapana! Astrida abakie. Nasema bale bengine.

Nikavaa upya viatu vyangu, nikaanza mtaa tena tangu mwanzo. Wote walikuwa hivyo. Watoke, ila Papa wa suti abaki, yule ni fundi. Watoke, ila dada anayeshona sare za watoto abaki. Mzee mstaarabu alitaka wote watoke isipokuwa anayemkazia vifungo. Kila mshonaji wa mtaa ule alikuwa na watu wake wasiokubali aondoke, na watu haohao walitaka veranda ziwe tupu. Hilo ndilo lililokuwa jibu la kweli la mtaa, lote kwa pamoja, na halina kidole chake kwenye simu yoyote.

Jumapili kamati ilikaa nje, viti vya plastiki, washonaji wamesimama nyuma. Astrida alikuwa amevaa vizuri. Aliniamini kabisa. Nilipoinuka nikasitasita, ni yeye aliyepaza sauti:

— Yaya, sema! Sema yenye bantu balisema!

Nikasema. Nilisema kwamba wengi wanataka washonaji waondolewe kwenye veranda, na kwa nini: mfereji, kelele, ngazi. Nikapumua ili niseme la pili, kwamba hakuna hata mmoja anayetaka mshonaji wake mwenyewe aondoke. Nililisema pia, neno kwa neno. Lakini Guélord alikuwa ameshaanza kupiga makofi kwenye ile pumzi.

— Donc, Mama, ni ndiyo.

— Hapana ndiyo, Guélord. Sikiliza kipande ya pili.

— Mama, shiye tulikuwa tunauliza: batoke, habatoke? Mama mwenyewe anasema batoke. Asante sana, Mama. Bapendwa, hata sondage ya miguu inakubali!

Akaweka jambo hilo kwenye kundi la simu kabla hatujakunja viti. Vidole vikaanza kumiminika. Nilimtafuta Astrida kwa macho. Alikuwa amenitazama muda wote ule, na sijui niseme nini juu ya uso wake.

— Yaya, njo weye ulitutosha pa veranda, alisema, akaenda zake.

Washonaji waliondolewa Jumatatu. Hakukuwa na vurugu. Watu walibeba cherehani zao vichwani, na kamati ikaleta mabeseni ya maua. Astrida hakushika simu yangu. Nilimpelekea kitambaa changu cha Machi kwa mkono wa binti yake, kikarudi kimekunjwa vilevile. Mtaa ukawa kimya na safi kama walivyoomba, na kwa siku chache wakazi walitembea polepole katikati yake wakijipongeza.

Kisha Machi ikakaribia. Vitenge vilikuwa vimekatwa nusu, mikono bila mabega, na washonaji hawajulikani walipo. Mama mmoja alimfuata mshonaji wake mpaka kwa shemeji ya mshonaji huyo, mbali, akakuta cherehani imewekwa chumbani chini ya kitanda. Mtu wa kwanza kuchoka alikuwa Mama Béa. Aliwaita vijana, wakalisukuma lile gari la marehemu kutoka mlangoni, likasogea kwa mara ya kwanza tangu msiba, lango likapata kufunguka, na ndani ya ua Mama Béa akaweka cherehani ya Astrida. Majirani waliona. Kabla ya Ijumaa kila ua wa mtaa ule ulikuwa na mshonaji wake, wa kwao, siyo wale wengine. Kelele zilikuwa zilezile, ila sasa zilitoka nyuma ya ukuta. Guélord alipiga picha ya mabeseni ya maua akaituma kundini, na watu wakaweka kidole.

Nilikwenda kwa Mama Béa mchana, kitambaa changu kwenye mfuko, sikujua kama nitapokelewa. Wateja walikuwa wamekaa kwenye ngazi zake, na yeye mwenyewe anawagawia chai. Astrida aliinua macho, akayarudisha kwenye sindano. Mteja mmoja akasema, pengine kwa uchokozi, kwamba ajabu ya mtaa huu ni kwamba wote walitaka washonaji watoke.

— Miye? Mama Béa aliruka. Miye siyasemaka vile hata siku moya! Njo huyu Mama Numbi aliniuliza. Mumuulize!

Cherehani ikanyamaza. Astrida alikuwa ameondoa mguu kwenye pedali.

— Yaya, alisema, bila kunitazama. Ulimuuliza. Alisema nini?

Katika kazi yetu, alichokuambia mtu mlangoni kwake hakitoki kwako na jina lake. Unakwenda nacho, unakitia kwenye fungu la wengine, basi. Nimewaona watu wakitishiwa kwa ajili hiyo, na hawakusema. Mama Béa alikuwa amesimama na birika, na nilimwona anahofu, kweli kabisa, mwanamke mzima mwenye ua wake.

— Alisema Astrida abakie, nilijibu.

Ilikuwa kweli. Ilikuwa ni ile nusu ya jibu ambayo Guélord aliiacha kwenye viti vya plastiki. Mama Béa akawageukia wateja, "Munasikia?", akanimiminia chai na kunipa kiti chake mwenyewe.

Astrida akauvuta mfuko wangu kwa ncha ya kiatu, akatoa kitambaa, akakipima kwa macho, akavua utepe shingoni.

— Yaya, simama nikupime.

Nikasimama, mikono juu. Alinizungushia utepe kiunoni, akausoma, akausoma tena, akawaangalia wateja wote.

— Unanona, alisema.

Sikuwa nimemwuliza. Lakini alikuwa amekuja mpaka kwangu, amepima mwenyewe, na hayo ni maoni ambayo sikuyatilia shaka.